Kutengeneza esta kwenye testi tyubu bila kuipoteza harufu

Wengi wakifanya jaribio hili hunusa siki tu, kisha husema limegoma. Mara nyingi esta, yaani kemikali yenye harufu tamu inayotokana na asidi na alkoholi, imeshatengenezeka, ila asidi iliyobaki imeifunika harufu yake. Kwa hiyo soma hatua ya 5 kabla hujagusa chupa yoyote.

Vaa miwani ya kinga na glavu, fungua madirisha.

1. Yeyusha gramu 2 za sodiamu kaboneti kwenye mililita 20 za maji ndani ya bika. Iweke kando.

2. Chemsha maji kwenye bika nyingine, kisha zima moto kabisa. Mvuke wa ethanoli hushika moto upesi, kwa hiyo sitaki mwali wowote mezani kuanzia hapa.

3. Kwenye testi tyubu kavu weka mililita 1 ya ethanoli na mililita 1 ya asidi ya ethanoiki (ile asidi iliyomo kwenye siki) isiyo na maji. Siki ya jikoni haifai: karibu yote ni maji, na maji huirudisha esta kuwa asidi na alkoholi. Sasa dondosha matone 3 ya asidi kali ya salfuriki, tone moja moja, ukitikisa taratibu. Utahisi tyubu inapata joto mkononi. Asidi hii ndiyo kichocheo, yaani huharakisha mmenyuko, na pia hufyonza maji yanayozalishwa.

4. Maji yakipoa hadi nyuzi 60 au 70 za Selsiasi, simamisha tyubu humo kwa dakika 5 hadi 10. Yasiwe ya kuchemka: esta unayoitafuta, ethili ethanoeti, huchemka kwenye nyuzi 77, ikapotelea hewani. Usitegemee asidi yote iishe. Ukianza na molekuli sawa za asidi na alkoholi, mmenyuko husimama kwenye msawazo, yaani esta hutengenezeka na kuvunjika kwa kasi ileile, takriban theluthi mbili zikiwa zimegeuka esta.

5. Acha tyubu ipoe, kisha mimina kidogo kidogo kwenye ile bika ya kaboneti. Itatoa povu jingi la kaboni dioksaidi. Mimi niliwahi kumimina yote kwa mkupuo, nikaishia kufuta meza. Kaboneti huigeuza asidi kuwa chumvi isiyonuka, na hapo esta hubaki peke yake puani.

6. Povu likitulia, pungia mvuke kuelekea puani kwa kiganja. Usiinamie bika. Utapata harufu tamu inayokaribia ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Usihangaike usipoona tabaka la mafuta juu. Takriban gramu 8 za esta hii huyeyuka kwenye mililita 100 za maji, na wewe umetengeneza chini ya gramu 2. Ukitaka kuliona, rudia kwa alkoholi ya isoamili badala ya ethanoli: matone yataelea, na chumba kitanuka ndizi mbivu.