Bosi kakualika puja ya Diwali dukani? Soma hii kwanza

Kila ikifika Oktoba au Novemba naulizwa maswali yaleyale na watu wanaofanya kazi kwa Wagujarati, wale Wahindi wenye asili ya Gujarat, awe wa Kariakoo, wa Mombasa au wa Biashara Street pale Nairobi. Bosi kasema Diwali, ile sikukuu ya taa ya Wahindu, jioni usiondoke mapema, kuna puja, yaani ibada, sasa nivae nini, nikae wapi, wakinipaka ile nyekundu kwenye paji la uso inakuwaje, na kile chakula nile au nisile? Mimi si Mhindu ila nimeshika hesabu za maduka ya Wahindu muda mrefu, na hesabu ndiyo inayokuingiza kwenye hii ibada utake usitake, utaona kwa nini.

Kwanza hakikisha bosi wako ni Mhindu kweli. Sio kila Mhindi ni Mhindu jamani. Bohora, Ismailia na Ithnaasheri ni Waislamu, Wagoa wengi ni Wakatoliki, Singasinga wana dini yao. Ukienda kumpa mzee wa Kibohora hongera ya Diwali hatakugombeza, atacheka tu, ila we ndo utajisikia vibaya.

Kitu kimoja ukikishika mengine yote yanakaa sawa: puja ni kumpokea mungu kama mgeni aliyekuja nyumbani. Basi. Ile puja kamili ya vitabuni ina hatua kumi na sita na ukizisikiliza utadhani ni mama wa pwani anapokea wakwe. Anaitwa, anapewa pa kukaa, maji ya miguu, maji ya mikono, maji ya kinywa, anaogeshwa, anavishwa nguo, anapakwa sandali, anapewa maua, anafukiziwa, anawashiwa taa, analishwa, mwisho anazungukwa na kusujudiwa. Majumbani wengi hawana muda wa zote kumi na sita kwa hiyo wanafanya tano tu, sandali, maua, udi, taa na chakula. Sasa ukishajua kwamba pale mbele kuna mgeni wa heshima huhitaji kukariri sheria, huwezi kumnyooshea miguu mgeni, huwezi kula kabla yake, huwezi kumpa ua ambalo umeshalinusa. Hilo la ua wengi hawalijui, ukinunua maua ya kupeleka usiyanuse njiani, yanahesabika yameshatumika.

Maandalizi. Oga, vaa nguo safi ya rangi, epuka kujivika nyeusi tupu, na iwe nguo unayoweza kukaa nayo chini maana mara nyingi mtakaa kwenye mkeka au shuka. Viatu vinabaki nje kwa hiyo angalia soksi zako kama hazina matundu. Nyama na pombe siku hiyo ziache mpaka mmalize. Zawadi nzuri ni matunda, au boksi la lozi na korosho. Usipeleke keki kama hujui ina mayai au haina, familia nyingi za Kigujarati mayai hayaingii jikoni kabisa.

Sasa hii puja ya dukani ni maalum, inaitwa chopda pujan, yaani ibada ya madaftari ya hesabu. Kwa Wagujarati mwaka mpya wao, wa kalenda ya Vikram, unaanza kesho yake baada ya Diwali (ule ulioanza Oktoba 2025 ni mwaka 2082 kwao), kwa hiyo usiku wa Diwali ndo daftari jipya linafunguliwa mbele ya Lakshmi, mungu wa mali na baraka, pamoja na Ganesh yule mwenye kichwa cha tembo, na Saraswati wa elimu. Daftari lenyewe ni lile refu la jalada jekundu. Ukurasa wa kwanza unaandikwa neno Shri kwa kurudia, moja juu, mawili chini yake, matatu, mpaka inatokea kama piramidi, halafu pembeni Shubh na Labh, heri na faida. Juu yake wanaweka jani la tambuu, popoo na sarafu. Na kunachorwa swastika kwa ile poda nyekundu, usishtuke, alama hiyo India ni ya heri tangu maelfu ya miaka kabla ya Hitler kuichafua.

Na hapa ndo mahali ninapoona mabadiliko kwa macho yangu. Zamani lile daftari jekundu ndilo lililokuwa hesabu yenyewe, mauzo, madeni, nani kachukua mafuta ya taa hajalipa, yote humo, na mwaka wa biashara ulikuwa unafungwa Diwali kweli. Sa hivi hesabu ziko kwenye kompyuta, mwaka unafungwa Desemba au Juni kwa ajili ya kodi, na lile daftari likishaandikwa ukurasa wa kwanza linarudi kabatini, kurasa zilizobaki nyeupe mpaka mwakani linaponunuliwa jingine. Lakini halirukwi. Nimekaa kwenye puja ambapo katikati kuna daftari, pembeni laptopu imefunikwa na kupakwa tone jekundu kwenye mfuniko, na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, nayo imewekwa ua juu yake kama bibi harusi, na karani mdogo yuko makini karatasi ya risiti isishike samli. Kazi ya hesabu imehama, ila ile hamu ya kuuanza mwaka kwa baraka imebaki palepale, ikabidi baraka iifuate hesabu ilikohamia. Mimi nilichojifunza ni kwamba ukitaka kujua ibada ina maana gani kwa mtu usimuulize inamaanisha nini, angalia akibanwa na muda anakata kipi na kipi hakubali kukikata.

Haya, imeanza. Kuhani, wengi watamwita maharaj, atasoma Kisanskriti na hutaelewa, usijali, nusu ya waliokaa hapo nao hawaelewi na wala hawajifichi. Kaa kimya, simu iwe bubu. Ukifika muda wa aarti wote mnasimama. Kengele inapigwa, sahani yenye taa ya samli au karafumaiti inazungushwa kufuata mshale wa saa mbele ya picha, watu wanaimba na kupiga makofi. (Ndio, karafumaiti ileile, we umeizoea msibani lakini kule ni kitu cha ibada, inaungua yote bila kuacha majivu na ndo wanachoipendea.) Wakimaliza sahani inazungushwa kwa watu, unapitisha viganja juu ya moto kwa mbali kidogo halafu unavigusisha machoni au kichwani, na ukipenda unaacha hela yoyote kwenye sahani, hata sarafu. Halafu utapakwa tika, poda nyekundu na punje za mchele kwenye paji, inamisha kichwa kidogo tu. Mwisho ni prasad, chakula alichokwisha kupewa mungu kinachorudi kwa watu. Pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto uwe chini yake. Na chakula hiki hata aliyepika hakukionja jikoni, kwa hiyo usije ukadokoa ladu, vile vitamu vya mviringo, kwenye sinia kabla ya aarti kisa una njaa ya toka mchana.

Wenye dini zao sasa, maana hili ndo swali lenyewe ambalo watu wanaliulizia pembeni. Mwislamu au Mkristo ambaye moyo haumruhusu kushiriki hana haja ya kuugua ghafla siku hiyo. Nenda, kaa nyuma, aarti ikianza simama kwa heshima tu mikono yako ibaki yako. Sahani ikija weka viganja pamoja kifuani kama salamu, itapita. Tika unaweza kukataa kwa kutabasamu na kutikisa kichwa, na prasad kama huli mwambie mwenyeji mapema kabla haijafika mkononi, kwa sababu kuikataa kabla si tatizo, tatizo ni kuipokea halafu ikaonekana kwenye ndoo ya taka. Uhindu hauna kawaida ya kumbadilisha mgeni dini kwa kumlisha ladu, hakuna anayekuvizia. Ila kipi ni sawa kwa imani yako hilo ni lako na sheikh wako au mchungaji wako, mimi sitaligusa.

Unaweza kukuta maharaj hayupo kabisa, yuko kwenye skrini. Mantra zinatoka kwa simu iliyoegeshwa kwenye debe, yeye yuko Rajkot huko Gujarat, na muda mzuri wa kuanza umetolewa na programu ya simu. Wakati wa korona mahekalu makubwa India yalirusha ibada laivu na watu wakazoea. Wazee wengine wananung'unika kwamba huo ni uvivu, vijana wanasema bora hivyo kuliko kutofanya kabisa, mimi niko na vijana, isipokuwa kwenye vile vitaa vya betri vinavyomeremeta vya plastiki, hapo hapana, mgeni gani anawashiwa taa ya betri?

Na usidhani mabadiliko yameanza na simu. Ibada ya zamani zaidi kabisa, ya Veda, yale maandiko yao ya kale, ilikuwa moto tu, samli na nafaka zinatupwa motoni, sanamu hazikuwepo. Arya Samaj, kundi la Wahindu wa mageuzi walioanza Bombay mwaka 1875, walirudi hukohuko na mpaka leo hawatumii sanamu, kwa hiyo kama bosi wako ni wa huko utakuta havan, shimo dogo la moto katikati, na moshi wa kutosha. Sikukuu ya Ganesh ya barabarani yenye umati ni Tilak, mwanasiasa wa kupinga ukoloni, aliyeisukuma mwaka 1893, akaitoa majumbani apate pa kukusanyia watu chini ya Waingereza. Mahekalu ya Travancore, ufalme wa kusini mwa India, yalifunguliwa kwa watu wa matabaka ya chini mwaka 1936, kabla ya hapo walikuwa wanazuiwa mlangoni. Mji wa Pune wanawake wanafundishwa ukuhani na wanafungisha ndoa, na jimbo la Tamil Nadu mwaka 2021 serikali iliweka makuhani wasio Wabrahmini, lile tabaka la makuhani, kwenye mahekalu yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "sisi tumefanya hivi tangu zamani" muulize taratibu, zamani ipi.

Kesho yake ukiweza pita hekaluni, Kisutu pale Dar yako mengi, Zanzibar liko la Hurumzi, Mombasa na Nairobi ndo usiseme. Mahekalu mengi siku hiyo wanapanga annakut, mlima wa vyakula mbele ya mungu, ngazi kwa ngazi, vitumbua vya kila aina, maandazi yao, matunda, utatamani kukaa. Viatu nje, ukizunguka zunguka mungu akiwa kuliani kwako, ukikaa kunja miguu, picha uliza kwanza. Kwa Swaminarayan, moja ya madhehebu ya Kihindu, wanaume na wanawake wanakaa mbalimbali kwa hiyo ukienda na mkeo mpange kabisa mtakutana wapi baadaye. Salamu ya siku hiyo ni Sal Mubarak, hiyo mubarak unaijua, na watoto wakiinama kugusa miguu ya wazee wanapewa hela, we usijaribu kama umeshavuka thelathini.

La mwisho ni la ratiba. Kwa desturi ya Kigujarati duka likishafungwa Diwali halifunguliwi rasmi mpaka Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka mpya, ndo mauzo ya kwanza yanaandikwa. Huku kwetu wengine wanaifuata, wengine keshokutwa wameshafungua kama kawaida, na kuna wanaofungua nusu mlango na kusema tumefunga huku wanauza. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi ya basi kwenda kijijini muulize bosi yeye anafuata ipi.