Safari ya kazi na mtoto mdogo: panga usingizi na mlezi kabla ya tiketi

Mambo mawili ndiyo huamua safari ya kazi ukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu: atalala lini, na atakaa na nani ukiwa kazini. Yakishapangwa hayo, ndipo ununue tiketi. Wengi hufanya kinyume. Hununua ndege ya alfajiri kwa sababu inawahi kikao cha asubuhi, mtoto huamshwa saa tisa usiku, na mzazi huingia ukumbini akiwa ameacha mtoto anayelia na kumkataa kila mtu. Kikao huweza kusogezwa saa moja mbele, lakini usingizi wa mtoto ukishapotea siku nzima imeharibika.

Mlezi

Mtu ambaye mtoto anamjua ndiye bora, hata ikibidi umlipie nauli. Kati ya miezi 8 na 18 hivi, watoto wengi hulia sana wakiachwa na mgeni. Ni hatua ya kawaida ya ukuaji, si ukaidi, na haiondoki kwa kubembelezwa dakika tano mlangoni.

Kama mlezi ni mtu mpya, fika angalau siku moja kabla ya kazi kuanza. Saa ya kwanza acheze na mtoto wewe ukiwepo. Kisha toka dakika 20, urudi. Toka tena saa moja, urudi. Kila unapotoka muage mtoto. Kumtoroka huonekana ni njia rahisi, lakini akishajua kwamba unaweza kutoweka bila taarifa, atakung'ang'ania siku zote zilizobaki.

Muachie mlezi maelezo kwa maandishi: saa za kula na kulala, kiasi cha maziwa, vyakula vinavyomdhuru mtoto, dawa na vipimo vyake, jengo na ukumbi utakaokuwapo, simu ya mtu wa pili, na hospitali iliyo karibu.

Waandaaji wa mkutano nao waambie mapema. Kama unanyonyesha, omba chumba kinachofungwa, chenye soketi. Kukamua, pamoja na kuosha vifaa, huchukua kama nusu saa, kwa hiyo mapumziko ya chai ya dakika 15 hayatoshi. Usikubali kuelekezwa chooni.

Tiketi, saa na karatasi

Chagua ndege ya usiku au inayoruka karibu na saa ya mtoto kulala mchana. Mashirika mengi humruhusu mtoto wa chini ya miaka 2 akae mapajani. Vitanda vidogo vya mtoto vya kufungwa ukutani mwa ndege huwa vichache na vina kikomo cha uzito, kwa hiyo omba kimoja siku ileile unayokata tiketi.

Mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti. Kwa safari ya siku tatu kwenye tofauti ya saa mbili, mwache mtoto na saa za nyumbani. Tofauti ikiwa kubwa na safari ndefu, anza siku nne kabla: mlaze mapema kidogo kila siku kama mnaelekea mashariki, mcheleweshe kidogo kama mnaelekea magharibi. Mkifika, mtoe nje kwenye mwanga wa mchana.

Beba pasipoti ya mtoto, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo. Ukisafiri bila mzazi mwenzako, chukua barua yake ya ridhaa iliyoshuhudiwa na wakili. Nchi nyingi huiuliza mpakani. Nenda kliniki wiki 4 hadi 6 kabla. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa. Anayeenda wiki ya mwisho amechelewa.

Njiani

Kwenye mkoba wa mkononi weka nepi moja kwa kila saa mbili za safari na nne za ziada, nguo mbili za mtoto, blauzi au shati lako moja (mtoto akitapika, hutapika juu yako), mifuko ya kufungia nguo chafu, na dawa zote. Dawa usiziweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, na hadi saa 24 kwenye mfuko wa baridi wenye pakiti za barafu zilizoganda kabisa. Maziwa ya unga yapime yakiwa makavu, uyachanganye mtoto akitaka kunywa. Akishaanza chupa, kinachobaki baada ya saa moja kimwagwe. Kwenye ukaguzi, kikomo cha mililita 100 kwa kawaida hakihusu maziwa ya mtoto, ila mwambie afisa kabla begi halijapita kwenye mashine.

Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopaa, kwa sababu shinikizo la hewa ndani ya sikio huzidiwa na la nje na njia ya hewa hujibana. Kumeza ndiko huifungua. Basi usimalize maziwa mapema: kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua, na huo ndio wakati wa kunyonyesha. Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio aonwe na daktari kabla ya safari.

Kwa gari, kiti cha mtoto kitazame nyuma angalau hadi miaka 2, na kamwe kisiwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mvue mtoto koti nene kabla ya kufunga mikanda, kwani huacha nafasi inayolegeza. Simameni kila baada ya saa mbili.

Chumbani

Kabla ya kufungua mabegi, piga magoti utazame chumba kwa urefu wa mtoto: kamba za mapazia, soketi, birika la umeme, vioo, mlango wa roshani. Kitanda chake kiwe na godoro gumu lisilo na mto, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja alale chali. Mletee shuka lake la nyumbani bila kulifua. Harufu anayoijua humtuliza.

Akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kila baada ya choo: mililita 50 hadi 100 kwa wa chini ya miaka 2, kwa vijiko, polepole. Macho yakizama, akishindwa kunywa au akilegea, mpeleke hospitali. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 apelekwe mara moja.

Kama mnataka kuongeza likizo, iweke baada ya kazi: mtoto ameshazoea saa za huko, nawe huna wasilisho linalokusubiri. Muulize mwajiri kwa maandishi, kabla ya kukata tiketi, nani analipa usiku wa ziada na kama bima ya safari inaendelea siku za likizo.