Namna ya kuchagua ordinatere itakayokudumia, kwa sisi wa Lubumbashi

Mtu akienda mjini kutafuta laptop, swali la kwanza ni bei na la pili ni "iko na giga ngapi?", muuzaji anajibu 500, mtu anafurahi, analipa, anaenda. Giga za nini? Za disiki, mahali vitu vinahifadhiwa, ao za RAM, kumbukumbu ya kazi ya sasa? Na disiki yenyewe ni ya zamani ile ya kuzunguka ao ni SSD, ile mpya ambayo ndani hakuna kinachozunguka? Hakuna aliyeuliza. Mimi minaona swali la kwanza lingekuwa hili: mu hii mashini, kitu gani sitaweza kubadilisha tena? Disiki inabadilishwa, batri inabadilishwa, hata klavie na ekra fundi anakuwekea. Lakini prosesere, ule ubongo wa mashini, kwa laptop za siku hizi imechomelewa moja kwa moja kwenye kadi-mama, RAM mara nyingi nayo imechomelewa, mwili wa mashini ni ule ule, tundu la kuchajia ni lile lile. Kama unataka ikufikishe miaka sita ao saba, toka mwaka wa kwanza wa UNILU, chuo kikuu chetu, mpaka ndani ya kazi, pesa yako iende kwanza kwenye vile visivyobadilishwa, hivi vingine utavipanga polepole.

Tuanze na prosesere. Neno "Core i5" la Intel peke yake halikuambii kitu, i5 ya 2013 ni i5 na ya 2022 ni i5, na kati yao kuna mbali sana. Angalia namba zinazofuata: i5-8250U ni jenerasioni ya 8, i5-1135G7 ni ya 11, i5-1235U ni ya 12. Hii jambo ni kubwa juu Microsoft ilimaliza kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inakubali prosesere za Intel za kuanzia jenerasioni ya 8, kwa AMD, kampuni ingine ya prosesere, ni karibu Ryzen za 2000 kwenda juu, tena mashini lazima iwe na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani. Njo maana leo unaona okazioni za Ulaya za jenerasioni ya 4, ya 5, ya 6 zinauzwa bei ya chini vile, kampuni za kule zinaziondoa. Ukinunua moja ili uweke Linux Mint, sisteme ya bure, na uandike travaye yako, sawa kabisa, itafanya kazi. Lakini kama unatafuta ya kudumu, jenerasioni ya 8 njo mlango wa chini kabisa, na minakuomba upande mpaka ya 11 ao ya 12 kama mfuko unaruhusu. Usidanganywe na i7 ya zamani: i7-6600U iko na koa (sehemu za prosesere zinazofanya kazi kwa pamoja) mbili tu, i5-8250U iko na nne, i5-1235U iko na kumi. Bei ikiwa moja, chukua i5 mpya uache i7 nzee.

Kwa AMD kuna mtego mwingine. Ryzen 5 5600U ni prosesere nzuri sana, lakini Ryzen 5 7520U yenye namba kubwa na inayoonekana mpya, ndani yake ni Zen 2, muundo uliotoka 2019, koa nne tu. Si mbaya, lakini usilipe kama unalipia mpya. Na zile laptop ndogo za kupendeza za Celeron N4020, RAM ya giga 4 na disiki ya eMMC (ndogo na ya polepole kuliko SSD) ya giga 64, hapana. Windows peke yake inajaza ile disiki, mizajuru inakosa nafasi, na huwezi kuongeza chochote juu vyote vimechomelewa. Inaniuma kuona mzazi anamununulia mtoto wa chuo ile mashini kwa pesa ya jasho, mwaka wa pili mtoto anarudi kuomba ingine.

RAM: giga 8 leo inatosha kwa Word, intaneti na Excel ya kawaida, kwa miaka saba ijayo minasema 16. Muulize muuzaji kama ni bareti inayotoka ao imechomelewa, na kama kuna nafasi ya bareti ya pili iliyo wazi. Kama ni ya kutoka, ujue ni DDR4 ao DDR5, moja haiingii mu nafasi ya ingine. Zamani tulikuwa tunasema "chukua 8, utaongeza mbele", lakini toka mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani juu viwanda vinapeleka nguvu kwenye mashini za akili bandia, kwa hiyo ukipata laptop iliyokuja na 16 tayari, usiiache ipite. MacBook Air za M1 kwenda mbele ni nzuri na batri yao inakaa kweli, ila RAM na SSD zote zimechomelewa, unachonunua siku ile njo utakufa nacho.

Disiki haina maneno mengi. SSD, basi, na ikiwa NVMe, aina ya SSD yenye mwendo zaidi, ni bora. Ya giga 256 inatosha kuanza, filamu na muziki ziende kwenye disiki ya nje.

Sasa kurenti, na hapa minataka tukae, juu vidio nyingi za kuchagua laptop zinatengenezwa na watu ambao kurenti kwao haikatiki. Huku kwetu SNEL, kampuni ya kurenti, inakata, delestaji (kukatiwa kwa zamu) inakaa, halafu kurenti inarudi kwa nguvu mpaka taa zinapiga. Batri inapimwa kwa wati-saa, imeandikwa Wh chini ya mashini ao kwenye batri yenyewe. Laptop ya prosesere ya U (herufi ya mwisho wa namba yake, aina isiyokula kurenti nyingi), ukiandika na kusoma tu, inakula kama wati 8 mpaka 10, kwa hiyo batri ya 50 Wh inakupa karibu saa tano, ya 30 Wh inakuacha kati ya kazi. Prosesere za H (za nguvu kubwa) na kadi za mchezo zinakula mara nyingi zaidi, zinapasha moto na vantilatere inalia, zichukue tu kama kazi yako inazitaka, mfano mtu wa Polytechnique anayefanya michoro mizito ya 3D.

Kitu minachokisema bila kusitasita: tafuta mashini inayochaji kwa USB-C. Sharjere ya wati 65 ya USB-C ya marke nzuri inafanya kazi kwa Lenovo, kwa Dell, kwa HP, ikiharibika unapata ingine hapo hapo, kuliko kuzunguka mji mzima kutafuta kichwa cha duara cha saizi fulani. Zaidi ya hapo unaweza kuchaji na paoabenki kubwa yenye nguvu ya kutosha, ao na sharjere ya gari iliyofungwa kwenye batri ya pano solere ya volti 12 bila kupitia onduleri inayokula kurenti bure. Kwa mtu wa Katuba ao Ruashi mwenye pano yake nyumbani, hii inabadilisha maisha. Lakini angalisho, si kila tundu la USB-C linachaji, mengine ni ya kupitisha data tu, leta sharjere yako dukani na ujaribu mbele ya muuzaji.

Stabilizatere iingie mu bajeti kabla ya begi. Sharjere nyingi zinakubali volti 100 mpaka 240, kwa hiyo kurenti dhaifu si tatizo kubwa, kinachoua ni ule mshindo wa kurudi, na radi za mvua. Batri pia usiiache kwenye asilimia 100 na joto kila siku, laptop nyingi za kazi ziko na chaguo la kusimama kwa 80, kwenye BIOS (mipangilio ya mashini inayofunguka kabla ya Windows) ao kwenye programu ya marke. Wiki SNEL imetulia weka 80, wiki delestaji imeanza rudisha 100. Mu hizo batri mara nyingi iko kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka huku, Lualaba na Haut-Katanga, basi sisi wa kwanza tungejua kuzitunza.

Mwili. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia mu vantilatere na kuziba njia ya hewa, mashini inapata moto, inajipunguza nguvu, mtu anafikiri ni virusi. Chagua mashini ambayo chini inafunguka na vis za kawaida ili fundi aisafishe kila mwaka na kubadilisha pati ya prosesere ikikauka. Seri za kazi kama ThinkPad T, Latitude na EliteBook njo chaguo langu kwa okazioni: kampuni za nje zinazitumia miaka michache na kuziuza kwa wingi, vipuri vinapatikana, na kitabu cha kuzifungua kiko bure kwenye saiti ya kila marke. Ekra iwe 1920 kwa 1080 ya IPS (inayoonekana vizuri hata kwa upande), ile ya 1366 kwa 768 itakuchosha macho. Klavie ya AZERTY ao QWERTY ni wewe tu.

Ukifika dukani usiamini stika. Washa, ingia mu BIOS, soma prosesere na RAM hapo, juu ndani ya Windows maandishi yanaweza kuchezewa. BIOS ikiomba neno la siri na muuzaji halijui, ondoka, ni mashini ya kampuni iliyofungwa, na angalia kama Computrace, chombo cha kufuatilia na kufunga mashini iliyoibiwa, haijawashwa ndani yake. Fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, itatengeneza ripoti yenye uwezo wa batri ya kiwandani na uwezo wa sasa: ikiwa 50,000 mWh (yaani 50 Wh) na imebaki 22,000, batri imeisha, punguza bei ya batri mpya hapo hapo. Fungua na ufunge kifuniko mara kadhaa ukisikiliza sharniere, jaribu kila kitufe, kila tundu, kamera, wifi, halafu chomoa sharjere ufanye nayo kazi nusu saa. Muuzaji anayekukimbiza kabla ya hiyo nusu saa, mwachie mashini yake.

Mwisho chukua namba ya seri iliyo chini ya mashini, ilinganishe na ile ya BIOS, iingize kwenye saiti ya Lenovo, Dell ao HP uone modeli ile na kama garanti bado iko, na ukilipa hakikisha ile namba imeandikwa kwenye faktiri.