Namna ya Kupanga Siku Moja ya Matembezi Kigoma na Ujiji

Wageni wengi ninaowaongoza huwa na siku moja tu ya kutembea, nao hutaka kuona Gombe, Ujiji, bandari na ufukwe kwa mkupuo mmoja. Ushauri wangu ni kuiacha Gombe, kwa kuwa hifadhi hiyo iko takribani kilomita 16 kaskazini mwa mji, hufikiwa kwa boti, na kuwafuatilia sokwe msituni kunahitaji siku yake. Siku moja inautosha mji wenyewe, ilimradi ratiba ifuate Ziwa Tanganyika na jua.

Hatua ya kwanza ni kulielewa jua la huku. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini hutumia saa ileile ya Dar es Salaam, hivyo jua huchomoza na kuzama takribani dakika 40 baadaye kuliko huko. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Jioni, kwa upande mwingine, unapata muda wa ziada.

Hatua ya pili: fika mwalo wa Kibirizi mara kunapopambazuka, mitumbwi iliyokesha ziwani inaporejea. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na ndiyo sababu katika siku za mbalamwezi uvuvi hupungua na mwalo hupoa. Itazame kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi ya safari. Ukifika, wasalimie watu kwanza, uombe ruhusa kabla ya kupiga picha, kisha usimame karibu na akina mama wanaopokea mzigo: dagaa bado wanang'aa kama fedha, maji yanachuruzika kutoka kwenye beseni, na bei inapatanwa harakaharaka ili samaki waanikwe mapema.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipa muda mrefu kuliko zote. Panda daladala inayopitia eneo la Mwanga hadi Ujiji, na uwe umefika kabla ya saa nne, jua halijawa kali. Katika kumbukumbu ya Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza, utaona mnara uliowekwa mahali ambapo mwandishi wa habari Stanley alimkuta mwaka 1871, miembe inayosemekana ni chipukizi la mwembe wa wakati ule, na makumbusho yenye sanamu za wawili hao wakisalimiana. Usiridhike na wageni hao wawili. Mwombe mwenyeji wa makumbusho akueleze habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone ambao baada ya yeye kufariki mwaka 1873 waliongoza safari ya kuuchukua mwili wake hadi Bagamoyo, na akueleze pia habari za misafara ya pembe na watumwa iliyopita Tabora kuelekea Pwani. Baadaye tembea kwa miguu katika mitaa ya Ujiji, kwa sababu mji huu ulikuwa na wenyewe kabla wapelelezi Waingereza Burton na Speke hawajaufikia mwaka 1858, na wenyewe bado wapo.

Chakula cha mchana kile Mwanga unaporudi. Agiza mgebuka, samaki wa ziwa hili, na ugali wa muhogo, na uulize kama wana mchuzi wa mawese.

Alasiri shuka hadi stesheni, jengo la Wajerumani linalosimama mwisho wa Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Bandari iko jirani, na hapo ndipo ilipounganishwa meli tunayoiita Liemba: iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa kwa vipande, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Usipige picha bandarini bila ruhusa.

Hatua ya mwisho ni ufukwe wa Jakobsen, kwa njia ya Katonga. Ondoka mjini saa kumi ili upate muda wa kuogelea katika ziwa ambalo kina chake, takribani mita 1,470, kinazidiwa na cha Baikal pekee duniani. Kuna kiingilio, kwa hiyo beba fedha taslimu. Patana na dereva wa bajaji bei ya kwenda na kurudi tangu mjini, na mkubaliane akufuate saa moja na nusu, kwa sababu baada ya jua kuzama usafiri wa upande huo ni wa shida.