Laptop ya kawaida studio: ipime kwanza kabla hujailaumu

Msanii kakolea, vokali inaingia vizuri, mara sauti inakwaruza, "tk-tk", teki (kipande unachorekodi) imeharibika. Hapo ndipo wengi huanza kutafuta pesa ya mashine mpya. Subiri kidogo. Laptop ya kawaida, ile ile ya kuandikia barua na kutazamia filamu, inaweza kumaliza albamu nzima ikitayarishwa, na mashine ya bei mbaya nayo hukwaruza ikiachwa ilivyotoka kiwandani.

Sababu ni kwamba saundi kadi haina subira. Ukiweka bafa (akiba ya sauti inayosubiri zamu) ya sampuli 256 kwa 44,100 Hz, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, inadai fungu jipya la sauti kila milisekunde 5.8. Fungu moja likichelewa, unasikia mkwaruzo. Ndiyo maana Task Manager huonyesha prosesa iko asilimia 30 na sauti bado inakatika: asilimia ile ni wastani, na ndani ya sekunde moja kuna mafungu 172, kila moja na muda wake wa mwisho. Kazi yetu ni kumsaka anayechelewesha fungu. Hatua hizi ni za Windows. Mac tutaigusa mwishoni.

Hatua ya 1: Soma jina lote la prosesa

Usiishie kwenye "i5" au "i7". Core i7-7500U ina kori (vitengo vya kuchakata) 2 tu. Core i5-8250U, iliyokuja kizazi kimoja baadaye, ina kori 4. Anayenunua kwa kuangalia kibandiko tu analipia i7 na kuondoka na mashine dhaifu zaidi. Kizazi cha 8 kina faida nyingine: ndiko Windows 11 inakoanzia rasmi kwa prosesa za Intel, na Windows 10 ilikatiwa msaada Oktoba 2025.

RAM: GB 8 zinatosha biti (mdundo) na vokali ukifunga kivinjari. GB 16 ndizo za kufanyia miksi bila wasiwasi. Diski iwe SSD, ingawa si kwa sababu wanayoitaja wengi. Traki moja ya mono, biti 24 kwa 48,000 Hz, inakula KB 144 kwa sekunde, kwa hiyo traki 40 hazifiki hata MB 6. Diski ya kuzunguka inaimudu kasi hiyo. Kinachoishinda ni kurukaruka kutafuta mafaili 40 kwa wakati mmoja huku Windows nayo ikijisasisha pembeni.

Hatua ya 2: Saundi kadi yenye draiva yake

Chomeka saundi kadi ya USB moja kwa moja kwenye laptop. Hab (kigawa cha USB) isiyo na umeme wake ni chanzo kikubwa cha matatizo, hasa ukiwasha 48V kwa ajili ya maiki ya kondensa. Kisha pakua draiva ya ASIO, inayounganisha kadi na programu ya kurekodia moja kwa moja, kutoka kwa mtengenezaji wa kadi hiyo. ASIO4ALL ni kiraka: inakaa juu ya draiva ya Windows na kuivumilia tu. Itakufaa ukitumia tundu la hedifoni la laptop, lakini kwa kadi yenye draiva yake hakuna sababu ya kuitumia.

Kaa kwenye 44,100 au 48,000 Hz. Ukipanda hadi 96,000 unaipa prosesa kazi karibu maradufu, na msikilizaji wa simu hatakushukuru.

Hatua ya 3: Zima ubahili wa umeme

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

powercfg -setactive 8c5e7fda-e8bf-4a96-9a85-a6e23a8c635c

Hiyo inawasha mpango wa High performance hata pale ambapo Windows haiuonyeshi. Ikikataa, nenda Settings, sehemu ya Power, uchague Best performance. Kisha ndani ya Control Panel, kwenye mipangilio ya juu ya umeme, zima "USB selective suspend".

Weka mipangilio hiyo pande zote mbili, "Plugged in" na "On battery". Umeme ukikatika katikati ya teki, laptop inahamia betri na, usipoiandaa, inapunguza kasi papo hapo. Ikiwa imeandaliwa na kadi inakula umeme wa USB, unaendelea kurekodi kwa hedifoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo laptop inaishinda kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Angalia chaja pia. Laptop nyingine zikikutana na chaja zisiyoitambua hushusha prosesa hadi karibu 0.8 GHz bila kelele yoyote. Watu wamebadilisha RAM na diski kumbe tatizo ni chaja ya bei poa.

Hatua ya 4: Msake mwizi kwa LatencyMon

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoponya laptop nyingi. LatencyMon ni programu ya bure inayopima muda ambao draiva fulani inaishika prosesa na kuwaacha wengine wakisubiri. Iwashe, bonyeza kitufe cha kuanza, iache dakika 10 hadi 15 Wi-Fi ikiwa imewashwa kama kawaida. Kisha fungua ukurasa wa Drivers na upange kwa muda mrefu zaidi wa utekelezaji.

Kilele cha chini ya mikrosekunde 500 kiache. Kikivuka 1,000 mara kwa mara, piga hesabu: bafa ya 128 kwa 48,000 Hz inakupa mikrosekunde 2,667 tu, na draiva moja imeshachukua zaidi ya theluthi. Majina utakayokutana nayo sana ni haya:

ndis.sys: mtandao. Zima adapta ya Wi-Fi ndani ya Device Manager, upime tena. Kilele kikishuka, tafuta draiva ya Wi-Fi kwa mtengenezaji wa laptop, au zoea kurekodi bila intaneti. Bluetooth izime pia.

ACPI.sys: mara nyingi ni betri inayoulizwa hali yake kila baada ya sekunde chache. Mkwaruzo wake una mapigo ya kawaida, kama saa ya ukutani. Ndani ya Device Manager, kwenye Batteries, zima "Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery". Ukishaizima laptop haitakuonya chaji ikiisha, kwa hiyo iwashe ukimaliza kipindi.

nvlddmkm.sys: kadi ya picha ya NVIDIA. Sasisha draiva. Isipotulia, zima kadi hiyo kabisa. Kadi ya picha ya Intel iliyo ndani inatosha kuchora mikisa ya programu ya kurekodia.

Wdf01000.sys haisemi mengi, kwani draiva nyingi hupita humo. Chomoa vifaa vya USB kimoja kimoja huku unaangalia namba.

Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo ugeuze kingine. Ukizima vitano kwa pamoja na sauti ikatulia, hutajua ni kipi kilikuponya.

Hatua ya 5: Pima joto, na upime kwa muda

Prosesa ya wati 15 hukimbia sana kwa karibu nusu dakika ya kwanza, kisha hurudi kwenye mwendo inaoweza kuuhimili. i5-8250U inaweza kugusa 3.4 GHz, lakini kasi yake ya msingi ni 1.6. Kwa hiyo wimbo unaocheza safi mara ya kwanza unaweza kukwaruza baada ya dakika 20. Fungua projekti nzito kuliko zote, izungushe nusu saa, na uangalie HWiNFO, programu ya kupima joto na kasi: mstari wa Thermal Throttling ukisema Yes, feni imejaa vumbi au pasta ya joto imekauka. Chumba cha studio kilichozibwa kwa sponji, Dar mwezi Februari, ni tanuri. Inua laptop juu ya stendi, usiiweke juu ya kitambaa.

Hatua ya 6: Bafa ya kurekodi si ya miksi

Wakati wa kurekodi weka 128. Sauti ikienda na kurudi, pamoja na kinachoongezwa na USB na vigeuzi, kwa kawaida hufika milisekunde 8 hadi 10. Kwa anayepiga singeli kwa mapigo 200 kwa dakika, robo ya pigo moja ni milisekunde 75. 10 anaweza kuzizoea, 30 zitamtoa kwenye mstari.

Ikiwa laptop haiwezi 128, usipigane nayo. Washa Direct Monitor kwenye saundi kadi, msanii ajisikie bila kupita kwenye kompyuta, na bafa iwe hata 512. Atalalamika sauti ni kavu. Mwekee rivabu (mvumo wa chumba) asilimia 100, bila sauti asilia ndani yake, kutoka kwenye programu. Ucheleweshaji utaangukia rivabu peke yake, na rivabu inayochelewa kidogo haimsumbui mtu.

Wakati wa miksi panda hadi 1,024.

Kosa la kila siku ni kurekodi vokali huku limita na EQ ya linear phase, ambazo ni plagini za kuchakata sauti, zikiwa kwenye master, traki inayopitisha sauti zote. Plagini hizo hutazama mbele, na programu huchelewesha kila kitu ili kuzisubiri. Unashusha bafa hadi 64, na bado msanii anasikia mwangwi. Zizime mpaka rekodi iishe.

Hatua ya 7: Gandisha kilicho tayari

Mnyororo wa plagini ndani ya traki moja kwa kawaida huchakatwa na kori moja, kwa sababu ya pili lazima isubiri ya kwanza. Ukipanga plagini kumi nzito kwenye master, kori zilizobaki zinatazama tu. Zisambaze kwenye makundi, ubakize mbili au tatu pale juu.

Sinthi (ala ya kidijitali) ambayo noti zake zimekwisha, igeuze iwe sauti. Kwenye programu ya kurekodia ya Reaper kuna Freeze. Kwenye FL Studio, programu nyingine ya aina hiyo, tumia Consolidate, kisha ndani ya Tools, Macros, chagua "Switch smart disable for all plugins" ili plagini isiyotoa sauti isile prosesa. Hifadhi projekti kwa jina jipya kabla ya kugandisha.

Mlio usiotokana na kasi

Ukisikia "ziii" inayobadilika unaposogeza mausi, chomoa chaja. Ikikata, ni kitanzi cha athi (umeme unaozunguka kwenye waya za athi) kati ya laptop na spika. Tumia waya za TRS kutoka kwenye kadi hadi spika na uchomeke vyote kwenye ekstensheni moja. Usikate pini ya athi ya plagi. Na ukirekodi chumba kimoja na laptop, maiki ya kadioidi iipe mgongo: upande huo ndio usiosikia feni.

Ikiwa kweli inabidi ununue

Celeron N4020 yenye GB 4 zilizochomelewa iache. Ina kori 2 na wati 6, itacheza sampuli, miksi haitaiweza. Sokoni kwenye mashine zilizotumika tafuta ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 au Latitude 7490: RAM ya DDR4 inabadilishwa kwa mkono. MacBook Air M1 haina feni, haipungui kasi ikiwa kwenye betri na haihitaji ASIO, ila RAM uliyonunua nayo ndiyo hiyo hiyo hadi mwisho. Anayepanga okestra ya filamu kwa maktaba kubwa za sampuli ndiye hasa laptop ya kawaida itakayomwangusha, na itamwangushia kwenye RAM.

Chochote utakachonunua, usimpangie msanii muda kabla hujazungusha projekti nzito nusu saa kwa bafa ya 128, Wi-Fi imezimwa, jicho likiwa kwenye hesabu ya "underruns" (mafungu yaliyochelewa) ya FL Studio au kwenye "RT CPU" ya Reaper. Underruns zikibaki sifuri, fungua mlango.