Jinsi ya kuandaa mazungumzo ya kitaaluma kuhusu dini, kutoka swali hadi rekodi

Mwongozo huu ni wa anayetaka kurekodi mazungumzo ya dakika 45 na msomi wa dini, kwa wasikilizaji ambao ni wanafunzi wa chuo na walimu. Mfano ni mmoja tu: hoja za John Mbiti kuhusu dini za Kiafrika na ukosoaji wa Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda. Karibu kila kosa la kazi hii linajitokeza humo.

Hatua ya 1: Tafuta dai, usiridhike na mada

"Dini za Kiafrika" ni rafu nzima ya maktaba. Mazungumzo yanataka dai moja ambalo mtu makini anaweza kulipinga. Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani aliyefundisha Makerere, alitoa dai la namna hiyo mwaka 1969: kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika zamani ni ndefu na sasa ni pana, ila wakati ujao ni kama haupo, hauvuki miaka 2 hivi. Ushahidi wake mkubwa aliutoa kwenye nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu.

Swali limeshajitokeza: lugha mbili za majirani zinasemeaje bara zima? Kwame Gyekye wa Ghana alilibana dai hilo kwa kutumia Kiakani, lugha inayoutaja wakati ujao wa mbali bila shida.

Andika dai lako kwa sentensi isiyozidi maneno 25. Likikataa kuingia, ujue bado una mada tu.

Hatua ya 2: Soma kwa mpangilio

Anza na maandishi yenyewe, fuata na mpinzani, malizia na kazi za mgeni wako. Wengi huanza na mgeni, wakaingia studio wakiwa wafuasi wake. Kila nukuu iandikie ukurasa pembeni. Mgeni akisema "sidhani kama aliandika hivyo," huo ukurasa ndio utakaokuokoa.

Angalia pia usimsome p'Bitek kwa kusikia. Husemwa kwamba kitabu chake cha 1970 kiliwashambulia wamisionari. Kiliwashambulia kweli, lakini kiliwageukia pia wasomi wa Kiafrika, Mbiti akiwemo, kwa kuivisha miungu ya Kiafrika majoho ya Kiyunani, yaani kuieleza kwa dhana za falsafa ya Wayunani.

Hatua ya 3: Andika maswali 16, bakiza 8

Hapa ndipo mazungumzo yanapopona au kufa. Swali moja na ufuatiliaji wake hula dakika 5, kwa hiyo 8 yanatosha na nafasi kidogo inabaki.

Futa kwanza maswali yaliyobeba jibu ndani yake. P'Bitek mwenyewe anatoa mfano mkali. Mwaka 1911 wamisionari wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi, kaskazini mwa Uganda, ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na dhana hiyo ya kuumba, swali likafika kama "nani aliwafinyanga?" Wazee wakajibu kwamba binadamu huzaliwa na mama yake. Wageni wakazidi kushikilia. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akipinda mgongo husemwa amefinyangwa na Rubanga, pepo wa ugonjwa wa uti wa mgongo. Wamisionari wakalichukua jina hilo, wakaanza kufundisha kwamba Rubanga ndiye Mungu Muumba. Mwendeshaji anayerudia swali lilelile mara tatu mpaka mgeni akubali anafanya jambo hilohilo.

Linganisha maswali haya mawili:

- Dhaifu: "Je, Waafrika walimjua Mungu kabla ya wamisionari?" Limeshawafanya Waafrika kuwa kitu kimoja, tena linamtaka mgeni achague upande.
- Imara: "Mbiti alikusanya majina na sifa za Mungu kutoka zaidi ya jamii 200. Alijuaje kwamba yote yanamtaja mmoja?"

"Dini ni nini?" lisiwe swali la kwanza. Litakumezea robo saa na msikilizaji ataondoka. Liweke katikati, tena lifunge kwenye kazi inayozungumzwa: mwandishi huyu akisema dini, anaingiza nini na anaacha nini nje?

Hatua ya 4: Elewaneni na mgeni mapema

Mtumie maeneo 3 ya mazungumzo, si maswali yote 8. Akiyapata yote atakuja na karatasi na kuisoma. Pata ridhaa yake ya maandishi kuhusu kurekodi, kuhariri na kusambaza.

Muulize aitwe nani hewani. Ukimwita "Baba Mchungaji" au "Sheikh" kila dakika, wasikilizaji watasubiri mawaidha. "Profesa" au "Daktari" humkalisha kwenye kiti cha taaluma.

Hatua ya 5: Sauti

Chumba chenye zulia na mapazia, feni na friji zikiwa zimezimwa. Angalia saa za adhana na za ibada jirani kabla ya kupanga muda. Maikrofoni ikae sentimita 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Kilele cha sauti kisipite desibeli -6 kwenye mita ya kinasa sauti. Kila mtu arekodiwe kwenye njia yake ya sauti, peke yake: faili la WAV (sauti isiyobanwa), kHz 48, biti 24. Kwa watu wawili, dakika 45 ni karibu MB 780, basi tenga nafasi. Rekodi pia sekunde 30 za chumba kikiwa kimya. Zitaziba mapengo wakati wa kuhariri.

Hatua ya 6: Kuendesha

Mgeni akisema "Waafrika huamini," uliza: wapi, na miaka gani? Akiteleza kwenye mahubiri, usibishane naye juu ya imani. Muulize nani mwingine anausoma ushahidi huo kwa namna tofauti. Na swali lako likizidi sekunde 30, umeanza kutoa mhadhara.

Kuliweka kando swali la kama imani ni ya kweli ni mbinu ya kazi, na baadhi ya wasomi wanaipinga. Mgeni akiwa mmoja wao, mpe nafasi aieleze sababu yake.

Hatua ya 7: Kuhariri

Kata vikohozi na marudio, lakini usiguse maneno yanayoiwekea hoja mipaka. Ukiondoa "kwa Wakamba" ili sentensi ipendeze, umemfanya mgeni aseme kuhusu bara zima jambo alilosema kuhusu watu wa eneo moja. Maneno kama "huenda" na "isipokuwa" yabaki pia.

Mtumie rekodi iliyohaririwa, mpe siku 7 za kusahihisha majina, miaka na kurasa. Akitaka kubadili hoja yenyewe, msikate alichosema. Rekodini nyongeza fupi na muitangaze kuwa ni nyongeza.