Kabla hujapokea ufunguo wa gari la kuazima

Shemeji alinipa ufunguo wa IST yake Jumatano saa kumi na moja alfajiri, akiwahi treni ya Dodoma. Nikashukuru, nikampakia mama, tukashika Barabara ya Bagamoyo kuelekea Muhimbili kliniki. Saa moja kasoro nilikuwa nimesimama karibu na Mwenge, bampa la mbele limepasuka, taa ya kushoto inaning'inia, na dereva wa Noah niliyoigonga kwa nyuma ananiuliza: "Gari lako lina bima gani?" Sikujua. Nikampigia shemeji, simu ikawa inakatika ndani ya treni.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini karibu kila kitu nilichohangaika nacho wiki tatu zilizofuata kingeweza kuulizwa kwa dakika tano pale getini. Ndiyo maana nayaandika haya.

Anza na bima. Gari linaweza kuwa na bima kubwa au bima ndogo, na kwa mtu aliyeazima tofauti yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Bima ndogo humlipa uliyemgonga. Gari unaloendesha hailigusi, kwa hiyo kama kosa ni lako, bampa la mwenyewe ni deni lako. Bima kubwa hutengeneza hata gari lenyewe, ila mara nyingi mwenye gari huchangia kiasi fulani kabla kampuni haijalipa, na mara nyingi masharti hutaka dereva awe na leseni halali na ruhusa ya mwenye gari. Muulize pia kama mkataba wake unataja madereva maalumu. Wapo watu wenye bima kubwa inayomhusu mwenye gari na mkewe tu, na hawajawahi kuisoma. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, na unaweza kuhakiki mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari. Hakiki mwenyewe, hata kama unamwamini, maana bima iliyokwisha juzi haina tofauti na gari lisilo na bima.

Swali gumu ni la nani atalipa. Kwetu linaonewa aibu, kwa sababu anayekuazima ni ndugu au rafiki, na kuzungumzia ajali kabla ya safari kunaonekana kama kuiita. Mimi sasa nalisema mwenyewe, kabla hajaniuliza: "Shem, likipata hata mkwaruzo mikononi mwangu, natengeneza mimi, na fundi unachagua wewe." Sentensi hiyo moja inamtoa mwenzio kwenye unyonge wa kukudai. Ndugu wengi wameacha kusalimiana kwa ajili ya fenda, na fenda yenyewe ilishatengenezwa zamani.

Kisha angalia karatasi. Leseni yako iwe hai na ya daraja linaloruhusu gari hilo. Kopi ya kadi ya gari iwemo ndani, na soma jina lililoandikwa. Magari mengi mitaani yameuzwa mara mbili na kadi bado ina jina la mmiliki wa kwanza. Kwa safari ya sokoni haisumbui, ila siku ya kudai bima mtazunguka kumtafuta mtu aliyehamia Mwanza. Angalia pia madeni ya trafiki kwa namba ya gari, ili faini ya mtu mwingine isikukute wewe barabarani. Na omba namba ya simu ya pili: ya mke, ya mtoto mkubwa, ya yeyote anayejua mambo ya gari hilo. Laiti ningekuwa nayo siku ile.

Lizunguke gari mchana, ukipiga picha pande zote nne, na za karibu kwa kila mkwaruzo uliopo. Fanya hivyo mbele ya mwenyewe, ajue kwamba humfanyii hila. Angalia spea, jeki, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari. Jaribu breki na indiketa. Ongeza daftari dogo na kalamu, maana simu huishiwa chaji pale inapohitajika.

Ikitokea umegonga au umegongwa, simama. Kuondoka ni kosa la pili, zito kuliko la kwanza. Washa taa zote nne, weka pembetatu nyuma, halafu tazama watu kabla ya kutazama bampa. Kwa bodaboda kuwa mwangalifu kupita kiasi: mtu akinyanyuka, akajifuta vumbi na kusema yuko sawa, bado apelekwe hospitali, na PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, ichukuliwe kituo cha polisi. Penye majeruhi hakuna kumalizana. Namba ya polisi ni 112.

Kama ni mabati tu, piga picha kabla gari halijasogezwa: namba za magari yote, jinsi yalivyosimama, alama za tairi, taa za barabarani kama zipo. Mkibishana nani mkosaji, mwiteni trafiki aje apime. Usiseme "nitalipa kila kitu" kwa kuogopa watu waliojazana; kampuni za bima hazipendi ahadi ambazo hazikuzitoa. Kumalizana papo hapo kupo na wengi hufanya hivyo, lakini bila karatasi ni hatari. Andikeni majina, namba za magari, kiasi, na kwamba hakuna anayedai tena, kisha sahihi na shahidi. Na wewe huna mamlaka ya kumaliza kwa niaba ya mwenye gari mpaka umempata. Mkielekea kwenye bima, mtahitaji ripoti ya polisi, PF90, kwa hiyo msiondoke bila kujua imefunguliwa kituo gani.

Mpigie mwenye gari ukiwa bado pale pale. Hapa ndipo watu wema hukosea. Nami nilishikwa na wazo hilo: nilipeleke kwa fundi bodi ninayemjua, shemeji arudi Ijumaa alikute safi, nimwambie baadaye au nisimwambie kabisa. Usifanye hivyo. Bima hutaka kulikagua gari kabla halijaguswa, na ukilitengeneza kimya kimya umeshamnyima mwenzio haki ya kudai. Zaidi ya hapo, bampa jipya halimwambii mwenye gari taa imefungwa na nini nyuma yake, na anayeliendesha kesho ni yeye na watoto wake.

Shemeji alipopatikana, treni ilikuwa imeshafika Morogoro. Aliuliza habari za mama kwanza. Bima yake ilikuwa ndogo na ilikuwa hai, ikailipa Noah. Gharama ya kutengeneza IST niliibeba mimi, kwa awamu mbili. Fundi alimchagua yeye. Siku ya kulichukua tulilisogeza nje ya gereji, tukalizunguka pamoja juani tukilinganisha bampa na boneti, kwa sababu kivulini rangi mbili huonekana moja.